Moshi Ndani ya Nyumba Iliyofungwa

Mimi ni mtu wa kushuku, sijifichi. Nikipimiwa sukari naangalia mzani, siangalii uso wa muuzaji. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba siku nikifika mbinguni nitaanza kwa kumwomba malaika kitambulisho. Kwa hiyo nikisema kwamba miezi ile baada ya msiba wake nilimshuku kila mtu, kuanzia jirani mpaka fundi, msidhani ni msiba ulionibadilisha. Msiba ulinikuta hivi hivi. Ulichofanya ni kuniondolea mtu wa kunicheka.

Nyumba yetu iko Nangara, hapa Babati. Tuliijenga kidogo kidogo kama watu wote wanavyojenga, mwaka huu msingi, mwaka kesho kutwa kuta, halafu unakaa unaangalia nyasi zikiota chumbani mpaka upate bati. Mlango wa mbele aliuweka yeye mwenyewe, na kitasa alikifunga yeye mwenyewe kwa bisibisi ya kuazima, akiwa ameshikilia skrubu mdomoni na kunijibu kwa kuguna. Kitasa kilikuja na funguo tatu. Mmoja wake, mmoja wangu, na wa tatu tukautundika kwenye msumari jikoni.

Ulipotokea msiba nyumba ikawa ya watu wote, na nashukuru ilikuwa hivyo. Kwetu mfiwa haombwi ruhusa. Unakalishwa kwenye mkeka, unafunikwa khanga, na wanawake wa mtaa wanaingia kwako kama kwao: huyu anatafuta sufuria, yule anatafuta chumvi, mwingine anafunga chumba chenye vitu vya thamani na kuondoka na ufunguo kifuani ili usipotee. Unasikia tu, "Ufunguo ananao nani?" na sauti nyingine inajibu, "Usijali, uko salama." Watu walipotawanyika nikakuta nyumba imefagiliwa kuliko ninavyofagia mimi, sufuria zimepangwa kwa ukubwa, na msumari wa jikoni uko mtupu.

Niliuliza. Kila mama niliyemwuliza alisema alimkabidhi mwenzake. Nikaacha, maana utawaulizaje mara ya pili watu waliokupikia na kukulilia? Ila moyoni nikajua kwamba mahali fulani mjini Babati kuna mtu ana ufunguo wa nyumba yangu, na mimi nimebaki peke yangu ndani yake.

Binti yetu anakaa Arusha na mumewe. Alinipigia simu akasema, "Mama, nyumba kubwa hiyo utakaa na nani? Pangisha, uje huku." Nilimwambia sitoki. Nina kibanda changu cha vitenge karibu na stendi, nina kuta ambazo nimezimwagia maji kwa mikono yangu zikiwa bado mbichi. Nikiondoka pale ninakuwa bibi wa kulelea wajukuu kwenye kochi la mkwe. Lakini kabla hajakata simu aliniambia, "Kama huuamini mlango wako mwenyewe, hapo sio nyumbani tena."

Kisha moshi ukaanza.

Tangu marehemu aondoke nilikuwa napikia gesi. Jiko la mkaa lilikuwa la mambo yake, ugali wake na maziwa yake ya kuchemsha taratibu. Kupikia mtu mmoja kwa mkaa ni kujitesa. Nililisukuma pembeni jikoni, gunia la mkaa likabaki nje kibarazani. Sasa jioni moja narudi kutoka kibandani, nafungua mlango, napokelewa na harufu ya moshi. Sio moshi wa jirani unaopita dirishani. Ulikuwa moshi uliokaa, umeshaingia kwenye mapazia. Nikaenda jikoni. Jiko lilikuwa katikati ya sakafu, na nilipoligusa lilikuwa na joto.

Niliangalia televisheni, ipo. Godoro, lipo. Vitenge nilivyokuwa nimeweka akiba chini ya kitanda, vyote vipo. Mtu kaingia nyumbani kwangu, kawasha moto, kauacha ukazimika, kaondoka na kufunga mlango nyuma yake. Mwizi angalau unamwelewa.

Jirani yangu, mama mmoja anayefuga kuku na anayejua mambo ya mtaa kuliko balozi wa nyumba kumi, nilimwuliza kama kaona mtu mgeni akiingia kwangu mchana. Akafikiri kweli kweli, akasema, "Mtu mgeni? Hapana, mgeni sijamwona." Halafu nilipomweleza habari ya jiko akashusha sauti. "Dada, mtu anayeingia asiibe, huyo hakufuata mali. Kuwa mwangalifu na hayo majivu." Mimi ni mtu wa kanisa na sipendi maneno ya namna hiyo, lakini siwezi kusema hayakuniingia. Nilizoa majivu yale kwa kipande cha boksi nikayatupa mbali na migomba.

Nilimfikiria kila mtu. Nilimfikiria hata mama mkwe wangu. Yeye anakaa Nakwa, mjane wa siku nyingi, ana ng'ombe wake wawili na maziwa anayoyaleta mjini asubuhi kwenye mahoteli. Jumapili baada ya ibada huwa anapita kwangu. Anakaa, anakunywa chai, anaangalia kuta. Kigorowa ndiyo lugha yake. Kiswahili anakiongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Miaka yote ya ndoa yangu sikujua kama ananipenda au ananivumilia. Na sasa alivyokuwa akiangalia zile kuta, nikasema huyu anaihesabia nyumba ya mwanaye. Lakini mkwe haulizwi habari ya ufunguo. Ukimwuliza umeshamwita mwizi, na ukoo mzima utalisikia hilo neno kabla hujamaliza kulisema. Kwa hiyo nilimmiminia chai, nikanyamaza.

Nikaanza kutega. Gunia la mkaa nililitoa kibarazani nikaliingiza jikoni, nikalifunga mdomo kwa kamba ya katani kwa fundo ninalolijua mimi, nikisema sasa tuone utawasha kwa nini. Nilirudi nikakuta fundo lingine, zuri kuliko langu. Nikanyunyiza unga wa mahindi ndani ya kizingiti ili nione alama za miguu. Nilirudi nikakuta sakafu imefagiliwa na fagio limeegemezwa ukutani kwa adabu. Nikaweka kiti nyuma ya mlango wa jikoni, kiangushwe nijue kasukuma mlango. Nilikikuta karibu na dirisha, kimegeuzwa kuelekea nje, kama vile aliyekuja alikaa akatazama mlima Kwaraha. Hapo nilikasirika. Kunitisha ni jambo moja, lakini kupunga upepo kwangu?

Ndipo nikamwita fundi. Ni kijana mzima mwenye maneno mengi, ana meza yake sokoni anachonga funguo na kutengeneza makufuli. Akakiangalia kitasa cha marehemu, akakigongagonga kwa bisibisi.

"Mama, hapa kuna njia mbili. Kitasa chenyewe bado kizima. Naweza kukifungua, nikabadilisha vya ndani tu, zile funguo za zamani zisishike tena. Au tukitoe chote, tuweke kipya."

"Ukibadilisha vya ndani, wewe utakuwa umeviona."

"Lazima nivione, mama. Nitavibadilishaje?"

"Basi wewe ndiye utakayejua ufunguo wangu ulivyo."

Akanitazama akacheka. "Mama, mimi nikitaka kuingia kwako sihitaji ufunguo."

Maneno hayo alidhani yananituliza. Nikaamua hapo hapo kwamba kitasa kitatoka chote. Iliniuma, maana zile skrubu zilikaa mdomoni mwa mume wangu, na kubadilisha vya ndani kungeniachia angalau mkono wake mlangoni. Lakini nilijiambia chuma ni chuma. Nikamwambia fundi asinunue yeye. Nitanunua mimi, na atakuja kufunga mimi nikiwa nimesimama.

Akaomba angalau anisindikize dukani. Tulikwenda duka lile lile la vifaa vya ujenzi alikonunulia marehemu kitasa cha kwanza, barabara ya Singida, kwa sababu nilitaka cha aina ile ile ili matundu yalingane na mlango usichongwe upya. Fundi akanivuta pembeni.

"Usichukue hiki, mama. Hivi vya bei ya chini vinakuja katoni kwa katoni, funguo zake zinafanana fanana. Chukua kile cha juu."

Nikamwangalia fundi, nikamwangalia mwenye duka, nikaona jinsi wanavyojuana. Nikajua ana chake kwenye kile cha juu. "Nipe hiki," nikasema, nikataka paketi ifunguliwe mbele ya macho yangu, nikazishika zile funguo tatu mpya mkononi mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Fundi akafunga, mimi nimemsimamia. Kilikuwa kinang'aa hata kilionekana kutoka njiani. Kile cha zamani nikakifunga kwenye gazeti pamoja na funguo zake mbili, nikakiweka kabatini na nguo za marehemu.

Usiku huo nilimpigia binti yangu. Nilimwambia nimeumaliza mchezo. Na nikamwahidi, kwa sababu nilikuwa na uhakika, kwamba huyo mtu akiingia tena mimi mwenyewe nitaipangisha nyumba na kupanda basi.

Siku chache nilirudi nikapokelewa na harufu ya nyumba tu. Halafu jioni moja, nikiwa nimebeba nyanya na ufunguo wangu mpya, nikafungua mlango, na moshi ukanikaribisha.

Niliketi pale sebuleni sijavua hata viatu. Sikulia kwa woga, nililia kwa hasira ya kushindwa. Funguo zote tatu mpya nilikuwa nazo kwenye mkoba, nilizitoa nikazipanga mapajani. Basi ni fundi. Hakuna mwingine, ni fundi, alinipiga chenga wakati wa kufunga akachonga wa kwake. Lakini fundi atafute nini kwenye jiko langu la mkaa? Nilijaribu kumchukia nikashindwa kumaliza. Na ahadi ni ahadi. Kesho yake nilimtafuta dalali.

Dalali alikuja kibandani saa ya mchana, tukapanda bajaji moja kwenda kuiona nyumba. Njia nzima alikuwa akiisifia kabla hajaiona. Tulipofika kwenye ua nikaona dirisha la jikoni liko wazi, na moshi mwembamba unatoka.

"Kumbe kuna watu," akasema dalali.

"Hakuna watu," nikasema, nikaokota mpini wa jembe.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Niliusukuma, dalali akiwa nyuma yangu, umbali wa mtu anayejipenda. Nikapita sebuleni nimeinua mpini, nikafika jikoni. Kwenye kile kiti changu cha mtego, karibu na dirisha, alikuwa ameketi mama mkwe. Kidumu cha maziwa kitupu kilikuwa miguuni pake, na mkaa ulikuwa umekolea vizuri kwenye jiko. Shingoni, kwenye uzi mweusi, ulining'inia ufunguo.

"Karibuni," akasema, kama mwenye nyumba.

Nilishusha mpini. Kinywa changu kikasema kilichofundishwa kusema. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umerudi mapema leo."

Dalali naye akaamkia, akaona hakuna vita, akaomba azungukie vyumba. Nilimwambia azunguke. Alikuwa akigonga kuta huko chumbani, koo koo koo, nami nimesimama mbele ya mkwe wangu. Nikauliza tu, "Mama, unakuja hapa?"

Akashangaa swali. "Si ulinipa ufunguo?"

Nikaegemeza mpini ukutani.

"Siku ile watu wanaondoka," akasema, "wale wanawake walinipa. Wakasema, huu ni wa nyumba ya mwanao, kaa nao. Nikawauliza, mkwe wangu amesema? Wakasema ndiyo, amesema." Akaushika ule ufunguo kifuani. "Mimi nilidhani kijana akishakufa, wewe na mimi tumemalizana. Uliponipa ufunguo nikajua hujanitupa."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote ampe ufunguo. Nadhani mama fulani alichoka kuubeba, akamwona mzee, akamalizana nao.

Aliendelea, akichagua maneno yake moja moja. Kwao, akasema, nyumba ikiondokewa na mwenyewe, moto hauachwi ukalala mpaka mwaka ugeuke. Marehemu asiikute baridi. Akaona mimi nashinda kibandani, nikirudi napikia chupa ya gesi. "Nikasema, yeye ana kazi. Mimi nina miguu. Nikishaacha maziwa napita, nawasha, nakaa kidogo na mwanangu, naondoka. Sikukuambia Jumapili kwa sababu jambo la moto halisemwi mbele ya mfiwa. Na niliona unajua."

"Uliona najua?"

"Uliniletea mkaa ndani. Lile gunia kule nje lilikuwa linanisumbua mgongo. Halafu ukaniwekea kiti." Akapiga kiti kwa kiganja. "Siku moja ulimwaga unga pale mlangoni, nikafagia. Nikasema, maskini, ana mawazo mengi, hata unga unamponyoka."

Nilitaka ardhi inimeze. Mambo yale niliyoyatega kwa kusaga meno, huyu mama alikuwa ameyapokea mojamoja kama zawadi, akayabeba mpaka Nakwa.

"Ila siku ya kile kitasa," akasema, na sauti ikapungua. "Nilifika nikakuta kipya, kinang'aa. Nikasema, basi. Amenifungia. Nilikaa pale kwenye ngazi. Nikaona aibu kurudi, jirani yako wa kuku alikuwa ananitazama. Nikasema ngoja nijaribu tu, nionekane nimejaribu. Ukaingia. Nikageuza, ukakaza. Nikageuza tena, mlango ukafunguka." Akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika, na machozi yakimtoka. "Nikasema, kumbe huyu mtoto amekwenda madukani akatafuta kitasa kinachokubali ufunguo wangu."

Nilimkumbuka fundi na maneno yake ya katoni. Nilikumbuka jinsi nilivyojiona mjanja, nimeshika funguo zangu tatu. Nilikuwa nimekwenda dukani kwa nia ya kumfungia nje mtu nisiyemjua, na kilichoniokoa ni ubahili wangu na kitasa kibovu. Mama mkwe alikuwa akinitazama, anangoja.

"Nilikitafuta sana, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa na hakika lakini alitaka kusikia.

Dalali akarudi akijipangusa chokaa mikononi. Nyumba nzuri, akasema, wateja wapo, kuna mwalimu wa sekondari anatafuta haraka. "Mama, nimlete lini?"

Mkwe wangu aliinamia jiko akaanza kusogeza mkaa kwa kijiti, taratibu, na nikaona mkono mwingine umeushika ule ufunguo.

"Usimlete," nikamwambia dalali. "Haipangishwi."

"Lakini si tumekubaliana—"

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Na huyu ndiye mwenye nyumba. Muulize na yeye."

Hakuuliza. Aliondoka akinung'unika habari ya kupotezewa muda, na alikuwa na haki. Tukabaki wawili. Niliweka sufuria ya chai juu ya ule moto, mara ya kwanza tangu msiba, nikakaa kwenye sakafu kwa sababu kiti kilikuwa na mtu. Tulipomaliza kunywa nikachukua chupa ya mafuta ya alizeti, tukaenda mlangoni wote. Nilidondosha mafuta kwenye tundu la kitasa, naye akachomeka ufunguo wake wa zamani, akageuza huku na huku. Nikamwuliza kama bado unakaza. Akasema sasa unakwenda vizuri.

Usiku ule niliingia kitandani nikijua kabisa kwamba kuna mtu mwingine ana ufunguo wa nyumba yangu, na nililala fofofo.